Ndara ya Kushoto

Kielelezo namba moja: ndara,
ya kushoto, ya kijani, kisigino kimelika.
Askari aliinyanyua kwa ncha za vidole
kama aliyeokota panya,
na mahakama ya Malindi, Jumanne ile,
ikacheka, kisha ikakumbuka ilipo.

Mimi ni mkalimani. Sikuajiriwa kucheka.
Kigiriama kiingie sikio hili,
Kiswahili kitoke kinywani,
bila chumvi.

"Tsofa Mwambire, unashtakiwa kwamba
huko Ganda, matangani kwa marehemu Kahindi,
ulimshambulia Ruwa Kithi, diwani wa zamani,
ukamdhuru mwili."
Kifungu kikasomwa. Miaka isiyozidi mitano.

Tsofa akaniinamia:
"Hiyo mitano ni ya shavu, au ya cheo?"
Si langu kujibu. Nilimfikishia hakimu.
Hakimu akavua miwani.
"Mwambie sheria imeandika *mtu*.
Haikuandika *mheshimiwa*. Shavu ni shavu."

Nikalitafsiri hilo
likanikwama kama mwiba wa changu,
maana namjua Mbeyu, mkewe,
na siku ya kupimwa mashamba,
vijana wa mheshimiwa walipomsukuma mtaroni.
Bega lilitoka.
Fomu yake ya P3 ililala droo ya kituo
mpaka bega likajiunga lenyewe, kombo,
mpaka mheshimiwa akashindwa kura.
Ya shavu ilijazwa chai haijapoa.

Bega ni bega? Hakuna aliyeuliza,
na mkalimani hasemi lisiloulizwa.

"Eleza ulichofanya."
Tsofa akatamka neno moja, la pande mbili:
upande huu *nilimgusa*, upande ule *nilimpiga*.
Huu una faini ndogo, ule una kufuli.
Nilimtazama usoni nione anasimama wapi.
Hakupepesa.
Nikasema, "Nilimpiga."
Usiku ule sikulala, lakini sikukosea.

Elfu arobaini, au miezi minane.
Waliochangia sanda ya Kahindi wakachanga tena
pale nje, kwenye leso ya Mbeyu:
elfu ishirini na sita, na sarafu.
Mheshimiwa akapita na bendeji yake nyeupe,
akawapa pole.

Rufaa ni ndani ya siku kumi na nne, nikamweleza.
Akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza
ndara yake atarudishiwa lini.
Nalo nikalitafsiri.
Karani akajibu bila kuinua macho:
kesi ikiisha kabisa.

Akapanda lori la magereza,
mguu wa kulia kijani,
wa kushoto peku.