Mawe ya Mama

Tukuyu jua ni mgeni mwenye haraka:
likibisha hodi saa nne, saa sita limeshaaga,
na mama kwa miaka amelivizia hivyo hivyo
aanike mawe ya tochi juu ya bati,
matatu ya tochi, mawili ya redio,
yaliyong'atwa kiunoni kama muwa,
safu ya meno, na pengo katikati.

Yakifa kabisa tuliyapasua,
tukachomoa kijiti cheusi cha ndani
tukaandika majina ukutani mwa choo:
TUSAJIGWE. GWAMAKA. IPYANA MJINGA.
Uji mweusi uliobaki tuliumwaga migombani
na hakuna aliyeuuliza mgomba.

Sasa Gwamaka yuko Tunduma, ametuma mawe matatu
yasiyotupwa, yanayokula umeme na kufufuka.
Chaja hakutuma. Ndivyo alivyo.

Basi nimevuka Uyole mpaka Mwanjelwa
na pesa ya parachichi ndani ya soksi.
Sanga wa dukani, Mkinga, mtu wa maneno machache,
aliweka nyekundu kwanza juu ya kioo,
nyepesi kama ganda la karanga.
"Hii, dada, saa moja, umemaliza."
Niliipenda. Nani hapendi cha haraka?
Nikauliza inajuaje kuwa jiwe limeshiba.
"Haijui. Ina saa tumboni.
Saa ikifika, taa inageuka kijani,
liwe limeshiba, liwe na njaa, liwe linaungua."

Nimewahi kulishwa hivyo, bwenini:
kengele ikilia, umeshiba.

Ya pili nyeupe, sura ya upole,
ila inapokea mawili mawili.
Ukiweka moja, inanyamaza.
Sanga akaeleza taratibu kama mshenga:
lenye nguvu na lililochoka yanalala pamoja,
na chaja inayahesabu kitu kimoja;
moja linavimbiwa, jingine linaamka na njaa.
Nikahesabu kwa vidole: tochi ya mama, matatu.
Mawili yatakula. La tatu je?
Tangu baba tulipomzika nyuma ya jiko
nyumba yetu haigawanyiki kwa mbili.

Nikamwambia, "Hiyo rudisha."

Ya tatu ilikuwa nyuma ya pasi za mkaa,
kijivu, nzito, vumbi la msimu mzima,
vyumba vinne, na kila chumba taa yake.
"Hii inapima moja moja. Lakini usiku kucha,"
alisema, kana kwamba anaungama kosa.
Kisha akataja bei akiangalia mlangoni.
Nikainama kuvua kiatu.
Debe zima la parachichi likaenda, na nauli ya bodaboda;
toka stendi hadi nyumbani nikatembea na mvua,
chaja kifuani, chini ya sweta.

Saa tatu usiku umeme ukakata.
"Nilijua," alisema mama gizani,
akalala akiwa ameshinda.

Ukarudi saa nane. Nilisikia kigoda kikivutwa.
Nilimkuta na blanketi begani mbele ya kabati,
taa tatu nyekundu usoni pake,
amekaa kama anayesubiri ng'ombe azae.
Akagusa moja kwa kidole.
"Lina joto. Kama yai chini ya kuku."
Ya kwanza ikawa kijani. Baadaye ya pili.
La pembeni likakawia, likakawia.
Nikataka kulichomoa, akanizuia mkono.
"Liache. Hilo limetoka njaa ya mbali."

Sikuuliza anasema jiwe au anasema nani.

Asubuhi jua limebisha mapema kuliko kawaida.
Nimetoka na mswaki mdomoni
nikayakuta matatu yamepangwa juu ya bati la jiko,
yanang'aa, hayana kazi yoyote pale.
Moja lina alama mpya kiunoni,
safu ya meno, na pengo katikati.

"Mama! Mbona yameshajaa!"

"Najua," amesema, akichambua maharage.
"Yaache yaone jua."