Nusu ya Karata

Hoteli ya pale juu huwatoa wageni saa sita mchana,
na ndege za hapa Tbilisi, sijui nani alizipangia,
huruka saa kumi alfajiri.
Katikati hapo pana saa kumi na sita
zisizo na kitanda wala bafu,
na mtu kasimama njiani na begi lake
kama aliyebebeshwa mtoto wa jirani.
Ndiyo maana mimi, Tsiala, nakula mkate.

Duka lilikuwa la marehemu, fundi wa viatu.
Kalibu zake za mbao zingali rafuni,
thelathini na nane hadi arubaini na tano,
na chini, palipokaa ngozi na gundi,
sasa naweka masanduku.
Risiti sitoi. Nachana karata:
nusu naifunga kwenye mpini wa begi,
nusu unakwenda nayo mjini.
Majirani huniletea seti pungufu, zilizokwisha kazi.
Ukipoteza nusu yako nitakuuliza ndani mna nini,
na wengi, amini usiamini, hawajui.

Otari alikuja na begi la kijani
lililokazwa kwa mkanda wa suruali.
Aliongea lugha yetu, ila ya miaka thelathini nyuma;
akauliza bei kwa rubli, kisha akajicheka.
Nikampa saba ya uru.
Nilipolinyanyua, bega likaalika.
"Umebeba mawe?"
"Kitasa," akasema. "Na bawaba zake."

Saa nane akarudi: miwani.
Saa kumi akarudi: dawa ya presha.
Akaimeza bila maji, zipu akaiacha wazi kidogo,
kama mtu aachavyo mlango kwa ajili ya paka.
Saa moja usiku akataka koti, na joto halijavunjika.
Kila mara tuliunganisha ile saba,
tatu na nusu kwa tatu na nusu,
maana sheria ni sheria,
hata kwa uso ulioanza kunizoea.

Zhuzhuna wa duka la pili akachungulia,
mkate wa tanuri kwapani, bado wa moto.
"Huyu si mtoto wa Nunu?
Wa nyumba ile yenye mzabibu kwenye roshani?"
Nyumba ile, juzi, imepata mwenyewe mwingine.
Akatia saini, akakabidhi funguo,
akalala hotelini, mita mia mbili
kutoka chumba alichozaliwa.
Na huko nako, saa sita kamili, wakambishia hodi.

Saa tatu usiku akauliza, macho sakafuni,
"Mama, mtu mnamweka kwa bei gani?"
Nina kibao ukutani: begi dogo, begi kubwa, baiskeli.
Nikakisoma chote, juu hadi chini,
kana kwamba sikukiandika mimi.
Kisha nikasogeza kigoda cha marehemu,
kile alichokalia akitia soli,
kati ya sanduku la Wapolandi na gita lisilo na mfuko.
Nikachana karata nyingine.
Nusu nikamtia mfukoni mwa shati.

Akalala ameketi, kichwa kwenye rafu,
ubavuni mwa namba arubaini na mbili.

Mimi hufunga saa nne.
Usiku ule nilifunga kwa ndani.
Wapolandi waligonga, wakachukua chao kwa kunyata;
mmoja wao akamfunika mguu kwa gazeti,
sijui kwa nini mguu.

Saa saba teksi ikapiga honi.
Akatoa saba ya uru, ikaungana, akabeba begi.
Ile ya pili hakuitoa, nami sikuidai.
Ilikuwa ree ya shupaza.
Nusu yangu nimeichomeka kwenye kalibu.

Asubuhi Zhuzhuna akauliza, "Kwani alilipa?"
Nikavuta droo. Hatukufika huko.
Lakini juu ya kigoda palikuwa na bawaba moja,
ya shaba, bado ina rangi ya buluu mashimoni.
Mlango wa stoo yangu ulikuwa unaning'inia tangu msiba.
Nimeifunga hapo, kwa skrubu za viatu.
Inapiga kelele sana.