Silabi Moja

Saa tano asubuhi, Burgos. Theluji ya juzi imekuwa tope
ukutani mwa kituo cha polisi. Ndani, heta inakohoa.
Zunilda Cabañas ameketi na koti la kuazimwa,
mabega yamempwaya, na kwa Kihispania anajibu
kama anavyolipa deni: kidogo kidogo, macho chini.
Niko peke yangu. Nimekuja kutembea.
Pasi niliipoteza. Hakuna mtu.
Inspekta Maite Olabarri anaandika "hakuna mtu"
kwa mara ya sita, na kalamu yenyewe haiamini.

Ombi rasmi lilikwisha kutumwa: mihuri minne,
wizara kwa wizara, tafsiri iliyoapiwa,
kifungu cha mkataba kimenukuliwa chote.
Siku arobaini na moja. Jibu: ombi limepokelewa.
Sibezi. Bila karatasi ile hakuna hakimu wa kukusikiliza.
Ila karatasi huenda kwa miguu
na wauza watu wanapanda ndege.

Basi Maite akapiga simu.

Asunción ni saa moja, jua limeshapandisha hasira.
Blásida Ovelar, karani wa mwendesha mashtaka,
ana tereré mezani, chai yao ya baridi,
vipande vya barafu vinagongana ndani ya chupa.
Hawajaonana kamwe, hawa wawili. Maite anamjua kwa sauti,
na kwa neno lake kabla ya jambo lolote zito:
"Ngoja, nafunga mlango."
Kisha akasema na Zunilda kwa Kiguaraní.

Hakuuliza deni. Aliuliza kama Caaguazú kulinyesha
mwaka ule alipoondoka, na mihogo ya kwao
ni ile ya maganda mekundu?
Zunilda akacheka kidogo, kama mtu
aliyekuta sarafu katika koti la mwingine.
Akasema: usiku tulifanya kazi.
Romba'apo.

Sikiliza. Kiguaraní kina sisi mbili.
Ñande: sisi, na wewe umo.
Ore: sisi, na wewe humo.
Na hiyo ro, silabi moja mbele ya kitenzi,
nyembamba kama tu yetu, ni ya ore.
Kwa Kihispania alikuwa mmoja. Kwa lugha ya mama yake
walikuwa wengi, na mlango ulikuwa umefungwa.

Blásida hakupandisha sauti. "Ninyi wangapi?"
Heta. Gari la takataka barabarani.
"Watano. Juu ya duka la matairi, ghorofa ya tatu.
Kengele haina jina."

Kabla ya saa nane mlango ulikuwa wazi.
Watatu walikuwamo, mmoja viatu mkononi.
Chini ya godoro, daftari: nauli, euro elfu nne na mia sita;
shuka, tatu kwa siku; kuugua, faini hamsini.
Na huko Caaguazú, Nimia, mama wa ubatizo wa nusu ya mtaa,
alikamatwa kwenye stendi na wasichana wawili wapya.
Wasichana walikasirika. Waliililia safari yao.
Hilo nalo liandikwe.

Jioni Zunilda akasomewa maelezo yake kabla ya saini.
"Hapa palipoandikwa sisi," akauliza, "ni ipi?"
Kihispania kina moja tu. Lugha yangu pia:
sisi, tunasema, na msikilizaji
anabaki kizingitini, hajui kama amekaribishwa.
Serikali zinalipenda neno hilo. Sisi tunalaani.
Sisi tumekubaliana.
Maite akapiga tena. Blásida yumo ndani ya basi,
anapaza sauti juu ya injini:
"Mwambie ya mwanzo ni ore.
Kuanzia ukurasa wa nne, ñande!"

Wa tano, Liduvina, hakuwamo ghorofa ya tatu.
Walimhamisha wiki iliyopita; Porto, wanadhani.
Porto Maite hamjui mtu. Ana namba tu,
imeandikwa na mwenzake nyuma ya risiti.
Inaita.
Zunilda bado hajavua koti.