Mi ya Juu

Nimeketi benchi la mwisho, karibu na mlango,
pamoja na waliochelewa.
Mkobani nina ufunguo wa pini, uma wa chuma,
na nusu mkate niliosahau kula.
Tangu alfajiri nilikuwa tumboni mwa piano hii,
nikihamisha kiota cha panya,
nikikaza waya mmoja mmoja, mia mbili na kitu,
huku mama anayedeki akiniuliza
kama ninaitengeneza au ndiyo ninaimalizia.

Julai ya Nairobi haina urafiki na mbao.
Unyevu huingia kama mgeni asiyepiga hodi,
asubuhi unakuta sauti zote zimelegea magoti.
Lakini kibao cha hamsini na sita kilikuwa na lake:
nondo walikula sufi ya nyundo mpaka mti,
ukikigonga kinalia kama kijiko kwenye sufuria.
Duka la vipuri liko ng'ambo ya bahari.
Nikaenda nyumbani Makongeni, nikafungua sanduku,
nikatoa kofia ya baba, ya kijivu, ya Jumapili,
nikaikata ukingoni, upana wa kucha.

Baba, karani wa reli, aliyesema kinanda
ni kabati la kelele za walioshiba.

Sasa Mkamburi Mwandoe amevua koti,
gauni lake rangi ya maji ya bluu ya kufulia.
Otiato anasugua vidole, anavipulizia,
anamtazama bila kumtazama.
Wanaanza.

Ni Kijerumani. Jirani yangu ana karatasi ya tafsiri,
anaifuata kwa kidole na tochi ya simu:
mwanamke anasubiri barua, mvua inanyesha, barua haiji.
"Si angepiga simu," ananinong'oneza,
kisha ananyamaza, na kidole kinasimama
katikati ya mstari, hakisongi tena.

Wengine wanamsikia mwanamke.
Mimi nawasikia vijakazi wake, wale wa jikoni:
fa imekaa vizuri,
si bemoli inataka kuasi lakini bado ina adabu,
na kanyagio la kushoto, Mungu anisamehe,
linakoroma kidogo kila likiinuliwa.
Ninasubiri mi.
Ile ya juu. Ya hamsini na sita.
Mi, yaani mimi, ukifupisha
kama tunavyofupisha huku mjini:
mi sijui, mi siendi, mi bado nadai.

Wimbo wa tano. Wa sita. Otiato anaipita mbali,
kama mtu anayekwepa shimo analolifahamu.
Nilimwambia ni nzima. Hakuniamini.
Halafu, wimbo wa mwisho, Mkamburi anafunga mdomo
na piano inabaki peke yake barabarani,
hatua tatu, nne, polepole, kushuka,
kisha mkono wa kulia unapanda
na kuigusa.

Haikulia kijiko.
Ililia kijivu.
Ililia laini, na vumbi kidogo, na jasho la paji la uso,
kama mtu anayevua kofia mlangoni
kwa sababu ameingia mahali asipopapenda
lakini amelelewa vyema.

Nje bodaboda ikapita. Hakuna aliyepiga makofi bado.
Nilihesabu: sekunde tisa,
mi ikififia, mi nikiwa sipumui.

Kisha makofi, maua, picha,
na Bwana Kithome mweka hazina akinijia kwa haraka.
Moyo ukaruka: pesa.
"Fundi, hebu shika huku, turudishe benchi hizi.
Yale mengine yetu, Jumanne."

Nikashika huku.
Kufikia Alhamisi waya zitakuwa zimelegea tena.
Kofia ipo, imebaki robo tatu,
ila kichwani sasa haikai.