Mlango wa Kushoto

Milango minne, yote imegoma.
Pijo ya baba, mwaka wa kumi na tisa sasa
bandani nyuma ya nyumba yetu ya Maweni,
magurudumu yamezama mchangani hadi kwenye rimu.
Mnunuzi anakuja Alhamisi kutoka Mombasa.
Kwenye simu aliuliza neno moja tu: "Inafunguka?"
Nikasema inafunguka.

Ndipo nikamwita Kahindi.

Alikuja na baiskeli, na chupa ya soda
yenye mafuta ya taa na ya gia, nusu kwa nusu,
nyundo ya mpira, bisibisi tatu, kipande cha kanga.
Akaizunguka gari mara mbili bila kuigusa,
kama mtu anayetafuta pa kubishia hodi.
"Nani amekuwa akivuta?"
Mimi.
"Usivute. Mlango uliokwama husukumwa kwanza.
Sukuma ndani, achia. Sukuma, achia.
Kutu ikidhani uko upande wake, hulegea."

Akatia mafuta kwenye bawaba, tone kwa tone,
kwenye tundu la ufunguo, kwenye raba
iliyoshikana na rangi kama ukoko na sufuria.
Kisha akaketi, akala mahamri yetu.
Nilitaka kumwambia nina basi la saa nane.

Saa tano mlango wa dereva ukakohoa.
Haukufunguka, ulikohoa tu,
vumbi jekundu likamwagika miguuni mwetu.
Bisibisi ikaingia ufani, imevishwa kanga isichubue,
nyundo ikagonga pembeni, ko, ko, ko,
nikausukuma kwa nyonga, akauvuta kwa vidole viwili,
ukalia kama punda aliyekanyagwa mkia
ukafunguka.

Harufu ilitangulia kutoka:
sponji bovu, petroli ya kale, panya,
na chini yake, nyembamba, udi.
Uani, mama akaacha kukuna nazi.

Ya nyuma ikafuata. Mmoja uliniachia kishikio mkononi;
Kahindi akacheka mpaka akakaa chini.

Ukabaki wa mbele, wa kushoto.
Mafuta. Nyundo. Sukuma, achia.
Ikaadhiniwa adhuhuri, akaenda akarudi, wapi.
"Huo msijisumbue," mama akasema kutoka kwenye mbuzi yake.
"Huo aliufunga mwenyewe.
Tulikuwa tunatoka Mambrui, arusi ya Mwanamkuu,
tumegombana njia nzima. Nikamwambia simamisha, nishuke.
Kesho yake mlango haufunguki.
Miaka sita nimepanda nyuma, kama abiria wa kulipa."

Basi la saa nane likaondoka.

Kahindi akaingia kwa upande wa dereva,
akafungua parafujo za kava moja moja, akizitia kofiani.
Kava ikatoka pamoja na kiota cha panya.
Akamulika kwa simu. Akanyamaza.
"Hebu njoo."

Waya. Waya wa kufungia boriti, mizunguko saba,
umekazwa kwa koleo, ncha zimekunjwa ndani
zisimchome mtu.
Na ulimi wa kitasa umekatika,
mkato wa zamani, mweusi.
"Huu ungejifungua kwenye kona yoyote," Kahindi akasema.
"Aliyekaa hapa angemwagikia barabarani."
Ndani ya dashibodi, risiti ya duka la spea:
*kitasa, mbele kushoto, kimeagizwa.*
Wino umefifia, lakini mwezi ni ule wa arusi.

Mama akaja, machicha vidoleni.
Akainama. Akautazama waya ule
kama mtu anayesoma mwandiko anaoujua.
"Angesema," akasema.
Hakusema zaidi.

"Nikate?" Kahindi, koleo mkononi.
"Ngoja."
Akazunguka, akaingia kwa mlango wa dereva,
akajisogeza taratibu, buibui ikinasa kwenye springi,
mpaka kiti cha kushoto.
Akaweka mikono magotini. Mbele yake kioo chenye ukungu,
ukuta, kuku mmoja.
"Haya. Kata."

Mzunguko wa saba ulipoachia
mlango ulikwenda wenyewe, bila mkono wa mtu,
na mama, haraka kuliko nilivyowahi kumwona,
akaudaka, akaurudisha,
akakaa vile vile, ameushika.