Pale Utepe Ulipokatika

Mghoi, nimeuona. Kwa macho haya mawili
nimeuona mchezo wetu, ule wa kaseti ya baba,
yenye jalada jekundu, aliyopewa na karani wa Reli
siku alipohama, shukrani ya kubebewa makabati.

Jumamosi, Ukumbi wa Taifa, baridi ya Julai
imetukalia Nairobi kifuani.
Mwakio ndiye aliyenikatia tikiti. Bei hakunitajia.
Niliisoma mwenyewe kwenye karatasi, nikanyamaza,
nikawa napiga hesabu ya magunia ya mkaa.

Jirani yangu alikuwa mzee wa suti ya kahawia,
anakula njugu moja moja
kama anayeiba nyumbani kwake.

Taa zikazimwa. Unajua nilikuwa nangoja nini?
Ule mkwaruzo.
Ule wa mwanzo kabisa, shhh,
mafuta yakingoja kitunguu.
Haukuja. Tarumbeta ilianza tu, ghafla,
na nyuma yake palikuwa na mtu, Mghoi!
Kijana mwembamba, mashavu yamemtuna,
anafuta mdomo kwa mkono wa shati.
Miaka yote ile
sikuwahi kufikiri kwamba tarumbeta ina mapafu.

Halafu akatoka yule mama dobi.
Mimi nilikuwa nimeshamuumba zamani:
mnene, aproni ya buluu ya mama, sauti kama mlango wa kanisa.
Akaja kimbaumbau, ana mwanya,
ungemkuta Gikomba akichagua soksi.
Nikasema moyoni, huyu siye.
Nikamkatalia wimbo wa kwanza wote
na nusu ya wa pili.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiimba,
"Nipe maji, Mama Juma"?
Kumbe hakuna maji. Juma hayupo.
Anataja mji aliozaliwa, basi,
anautaja mara tatu kwa kuwa hatarudi.
Niliimba Mama Juma hivyohivyo, chini ya ulimi.
Mzee wa njugu akageuka kunitazama.

Kisha tukafika pale.
Pale redio ilipoutafuna utepe, ile Krismasi,
baba akaukata kwa wembe
akauunga kwa rangi ya kucha ya mama.
Analia, tk! anacheka.
Analia, tk! anacheka.
Makongeni, blanketi moja, miguu yako ya barafu,
wewe ukasema amerukwa na akili,
mimi nikasema amepata barua.
Baba, akivua buti, akasema
watu wazima ndivyo walivyo, laleni.

Nikashika mikono ya kiti. Akaanza kulia.
Nikangoja tk.
Hapakuwa na tk.
Alilia akaendelea, akaendelea,
na wimbo mzima ulikuwepo, dakika nne, labda tano,
dakika zilizokuwa zikiimbwa bila sisi
kila usiku katika miji ya watu
wakati sisi tunaziruka na kugombana.
Nami nilikuwa nimeacha kumkatalia, sijui tangu lini.
Nilijua tu kwamba leso ya Mwakio ilikuwa mkononi mwangu
nayo imelowa.

Watu wakasimama, wakapiga makofi, wakapiga miluzi.
Mimi sikusimama. Magoti yalikuwa mbali.
Mzee akanisukumia pakiti ya njugu bila neno.
Zilibaki mbili.

Nyumbani nikaishusha kaseti kutoka kwenye kopo la Kimbo.
Redio ya kuichezea hatuna tena.
Nikauvuta utepe kwa kidole hadi kwenye kiungo:
bado chekundu, Mghoi, kimepasuka kidogo pembeni.
Nikaurudisha kwa kalamu, jino kwa jino,
ulivyonifundisha.

Ndipo nikakupigia, saa sita kasoro usiku,
ukapokea Voi na usingizi mdomoni.
Nikasema, sasa najua kwa nini alicheka.
Ukakaa kimya hadi nikadhani salio limekwisha.
Ukasema, usiniambie.

Haya. Sikwambii.
Ila barua haikuwepo.
Hilo nakuachia.