Mstari wa Arobaini na Mbili

Juu ya mstari wa arobaini na mbili
Ndahani aliandika, kabla hajahamia Kondoa:
"Hufungua lebo, kisha huifunga yenyewe."
Nikamwamini.

Asubuhi ukurasa wa zahanati umekolea wino wote,
majina ya wagonjwa yamemezwa na kichwa cha habari.
Msimbo ulikwisha kubadilika zamani.
Mtu aling'oa kifungio,
maelezo akayaacha yaendelee kuapa.

Nkuhungu kuna kioski cha rangi ya buluu:
MAJI YAPO.
Bomba lake lilikauka tangu mita ing'olewe.
Wageni huja na madumu, husoma, hungoja.
Sisi wenyeji hupita tu, hatusomi.

Sechelela akasema, futa, usiweke kitu.
Nikasita. Ndahani alikuwa mkweli
siku aliyoandika.
Nikaandika upya:
"Hufungua tu. Kufunga ni juu yako."
Maneno sita, na chai imepoa.

Jioni, vumbi la Agosti machoni,
nikaokota kipande cha mkaa,
nikabana herufi mbili katikati ya ukuta:
MAJI HAYAPO.

Mama mmoja mwenye dumu
akasoma akiwa mbali,
akakata kona.